Hotuba ya Mkuu wa Mifumo katika Uzinduzi wa Mradi wa Kuondoa Maonyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amemtuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi, ambaye ametuma udhuru. Mwenyekiti wa Bodi ya Maji. Wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa ile kamati inayosimamia kamati ndogo. Mafundi wa pampu, wasoma mita, wadau wa sekta, wananchi mliokuja na ndoo zenu. Na kwa namna ya pekee mama mkwe wangu, ambaye namwona hapo mbele naye na ndoo yake, shikamoo mama. Itifaki nyingine zote naomba zijipange zenyewe, maana jua ni kali. (Makofi ya watu watatu, wote wa idara ya msemaji.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa Mkuu wa Mifumo ya Kompyuta, kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wamenisifia, kuzindua na papo hapo kuhitimisha Mradi wa Mageuzi ya Kidijitali ya Kuondoa Maonyo katika Mfumo wa Pampu. Kwa wale ambao hamkubahatika kusoma kama mimi: pampu zetu zinaendeshwa na maagizo yaliyoandikwa kwenye kompyuta, na maagizo hayo niliyaandika kwa vidole vyangu, nikiwa kijana mwenye nywele. (Kicheko.) Ndani yake nilitumia amri iitwayo egrep, ambayo kazi yake ni kupekua taarifa za matangi na kutoa mistari tunayoitaka, amri nzuri, yenye adabu, iliyonipandisha cheo mara mbili.

Basi tulipoleta kompyuta mpya, kila asubuhi ikawa inaandika, mbele ya watu walio chini yangu: "Onyo: egrep imepitwa na wakati, tumia grep -E." Imepitwa na wakati! Kazi ya mikono yangu! Fundi wa zamu akaniambia, "Bosi, ni kubadilisha neno moja tu, kazi ni ile ile, hata chai yako haitapoa." Nikamuuliza, dada yangu, tangu lini taasisi nzito kama hii ikabadilisha neno bila mpango mkakati? (Sauti kutoka nyuma: "Maji je?") Nakuja huko kwenye maji, ndugu yangu, kila jambo lina awamu yake.

Tuliunda kamati, kamati ikaenda semina, semina ikaazimia kwenda semina nyingine, yenye mazingira wezeshi na bwawa la kuogelea. (Ndoo zinagongwa.) Nashukuru kwa ngoma hiyo. Na leo natangaza kwa takwimu: maonyo yamepungua kwa asilimia mia moja. Wataalamu wanasema hayawezi kupungua zaidi ya hapo, nami nimewaagiza wasikate tamaa.

(Mama mkwe anasimama: "Marahaba mwanangu. Lakini bombani hakuna hata tone tangu Jumatatu. Wajukuu zangu wananuka kama mbuzi.")

Mama, nimekusikia, na kwa heshima yako naruka kurasa zote hadi ile ya maonyesho. Fundi, washa projekta, wananchi waone tulikotoka: ondoa ule mstari wangu wa kuzima maonyo, mfumo ufanye kazi kama ulivyokuwa kabla ya mradi. (Fundi: "Bosi, una uhakika?") Mimi ni mtu wa uwazi, dada, bonyeza! Haya, tazameni ukutani. Mstari wa kwanza ni lile tusi la "imepitwa na wakati" nililowaambia. Mstari wa pili... ngoja nivae miwani... mstari wa pili unasema: "Onyo: vali ya chini ya tangi kubwa imekwama wazi, maji yanamwagika tangu Jumatatu."

Ndugu wananchi, hapa pana changamoto ndogo ya kiutendaji. Kumbe onyo la egrep na onyo la tangi yote mawili hupita njia moja, na mimi, badala ya kubadilisha neno, niliiambia kompyuta kwamba chochote kinachopita njia hiyo ikitupe, kisionwe na mtu. Niliandika hivyo mwenyewe, mlango nimefunga, kisha nikajipigia makofi. Naona aibu, jamani, na si ile aibu ya kwenye ripoti. (Sauti: "Vali ifungwe!") Fundi wa bomba ameshatoka mbio, naliona vumbi lake tu. Nami nabadilisha hilo neno hapa hapa: nafuta egrep, naandika grep -E. Tayari. Kuwasalimu waheshimiwa kulichukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo nahitimisha kwa kaulimbiu yetu. Maonyo! (Watu wanatazama ukutani.) Maonyo! (Umati: "Yasikike!") Naam, yasikike, na zile fulana tulizowagawia, zilizoandikwa "Maonyo Yaondoke", zivaeni nje ndani. Naishukuru Bodi kwa kuuamini mradi, kamati kwa kuujadili mradi, na ninyi kwa kuacha shughuli zenu mje kuuona mradi ambao, kama ukuta unavyoonyesha, haujawahi kuwapo hata siku moja. Palikuwapo mstari mmoja, na fundi ameshaufuta. Ananiambia tangi halitajaa kabla ya kesho. Mama mkwe, nipe hiyo ndoo. Hapana mama, usininyime, foleni ya kisimani ni ndefu na leo nitasimama mimi.