Kituo cha Paladi cha Basi Namba Saba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mji, ambaye tufani ya theluji imemzuia kutoka nyumbani. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo ya kamati hiyo. Mabingwa wa mgodi. Wastaafu wenye nishani. Na wewe Mama Zinaida Pavlovna, mpishi wa chekechea yetu, uliyesimama hapa kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja ukisubiri Namba Saba mpaka sikio lako la kushoto likafa ganzi: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya glavu. Hayasikiki.)

Mimi, Gennadi Arkadyevich Pukhov, Naibu Mkuu wa Idara ya Joto, katika baridi hii ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, nazindua rasmi kituo cha kwanza cha basi kinachopashwa joto kwa paladi, madini yetu wenyewe.

Paladi ni nini? Ni metali nyeupe kama fedha, nduguye platini, laini kiasi cha kufuliwa ikawa karatasi, haishiki kutu, na huyeyuka kwa nyuzi elfu moja mia tano hamsini na tano, joto ambalo nawahakikishia halijawahi kufika hapa hata Julai. (Kicheko.) Tunaichimba sisi, halafu inakwenda kukaa kwenye bomba la moshi la gari la mtu asiyetujua, inampunguzia sumu, nasi huku tunabaki kupuliza vidole. Nikasema hapana. (Sauti: “Sema, baba.”)

Kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, paladi humeza gesi ya hidrojeni hadi mara mia tisa ya ujazo wake. Kwa hiyo kituo cha viti sita kitameza abiria elfu tano na mia nne, mizigo ukiacha. Isitoshe, juu ya paladi mvuke wa petroli huungua polepole bila mwali, ukatoa joto. (Mama Zinaida: “Gennadi mwanangu, mlango uko wapi? Niingie nikusikilize nimekaa.”) Swali zuri, mama, tutalifikia.

Sampuli ya mradi nimeijaribu mwenyewe miezi minne, bila posho, kwa samaki mbichi aliyegandishwa, matango ya siki na chai ya moto. Haijachujuka hata chembe. (Sauti: “Umeijaribia wapi?” Pukhov analetewa mkate na chumvi ya kumkaribisha. Mkate umeganda. Anauma. Unasikika mlio.) Mmesikia? Mkate umevunjika, paladi iko palepale.

Paladi! (“Yetu!”) Joto! (“Linakuja!”) Lini? (Watu wanageuka kutazama kama Namba Saba inakuja.)

Namalizia kwa shukrani. Asanteni Rashit na Oleg, mlioshika utepe kwa mikono tangu saa tatu, kwa kuwa nguzo za kuufungia hazipo, na hazipo kwa kuwa kituo hakipo, na hakipo kwa kuwa hakikuchorwa. Asante daktari wa meno Lidia Maksimovna, uliyeuweka mradi mzima mahali ninapoweza kuulinda, jino la juu, kulia. Mama Zinaida, sogea karibu nitabasamu, upate joto.

(Namba Saba inafika. Mama Zinaida anasogea kweli, anamvua mheshimiwa Pukhov kofia yake ya manyoya, anaivaa mpaka masikioni, anapanda basi. Watu wanavua glavu. Makofi haya yanasikika.)