Samaki wa Birika la Siyu

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Mwezi wa tano tangu niondoke Chwele. Bado niko Siyu, kisiwa cha Pate, nabeba mawe ya msikiti. Mgongo umekufa. Kijana wangu anatahiriwa mwezi huu huu. Baba asipokuwepo siku hiyo, wazee wa kwetu watasema hadi nizikwe, na baada ya kunizika waendelee. Fundi wetu, Bwana Ubaid, ametoa ruhusa ya mtu mmoja tu kwenda nyumbani: mimi au mbeba mawe mwenzangu, Ndirangu. Ndirangu anataka kwenda Nyeri kuona ng'ombe wake. Ng'ombe!

Leo wamefika wanafunzi kutoka Nairobi, na mwalimu wao, Kerubo. Wamejitolea kusaidia kukarabati msikiti na chuo cha zamani. Hawalipwi, na wanagombania sururu! Nimewatazama kutoka kivulini. Nimepata wazo.

Jumanne, 6 Agosti
Ubaid kaenda Matondoni kutafuta seremala wa mlango. Aliacha neno kwamba birika la kutawadhia lina ufa, na litakaushwa akisharudi. Kwa nini tumngoje? Akilikuta kavu, ruhusa ni yangu. Nimewapanga wanafunzi mstari, wakapokezana ndoo hadi uani, mimi juu ya kigoda nikisema haraka. Mwalimu Kerubo aliuliza kwa nini mimi sishiki ndoo. Nikamwambia kila kazi ina mikono yake na macho yake, na mimi ni macho. Akasema basi macho yasisinzie.

Sakafuni mwa birika kuna bakuli la kauri, limejengewa humo humo. Maji yalipopungua, samaki wadogo wakakimbilia ndani yake wote. Kama waliojipakua wenyewe! Msichana mmoja, Hadil, akawapiga picha na kuwapa majina. Yule mnene akaitwa Waziri.

Kwetu, anayekausha bwawa ndiye anayekula samaki wake. Ni haki ya tangu mababu. Niliwakaanga kwa nyanya na kitunguu. Nikamkaribisha Ndirangu kwa roho safi. Akasema yeye hali kitu kinachomkodolea macho. Shauri yake. Waziri alikuwa mtamu kuliko wote.

Alhamisi, 8 Agosti
Ubaid amerudi. Kaliona birika kavu, kanisifu mbele ya Ndirangu. Mashallah, Bwana Bramwel! Nikavimba. Kisha akauliza nimewaweka wapi samaki.

Mungu wangu! Kumbe samaki wale ni wa kazi. Wanakula viluwiluwi vya mbu, na uzao wao umo birikani tangu zamani za babu wa babu yake. Lile bakuli lilijengwa ili maji yakipungua wasife. Kila fundi anayekausha huwahamishia kwenye mtungi, kazi ikiisha huwarudisha. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, wazee watakuja kuona wakirudishwa, na hapo hapo atamtangaza mwenye ruhusa.

Nikasema wako mahali salama, hapana paka. Si uongo. Tumboni mwangu hapana paka.

Ndirangu akakohoa. Sijapata kusikia kikohozi chenye furaha hivyo.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimesingizia jino linauma, nikaenda Kizingitini. Nilimuuliza mfanyabiashara wa kamba wa baharini kama ana samaki wadogo walio hai. Akauliza ni chambo? Nikasema ni wa msikiti. Akawaita wenzake waje wanione. Mwishowe nikawapata kwenye vidimbwi vya mwambani, wazuri, wachangamfu. Nikawatia katika mtungi wa maji safi ya kisima.

Kufika alasiri wote wanaelea tumbo juu. Samaki wa bahari, maji ya kisima! Hata mtoto wa chekechea angejua, lakini mimi shule niliiacha mapema. Hadil naye akachungulia mtungini. Anko, hawa wana mistari. Akatoa simu, akanionyesha picha. Waziri hakuwa na mistari. Nikamwambia ni uzee. Akaniangalia sana, akasema, "Wazee wote kwa siku sita, Anko?"

Jumatano, 14 Agosti
Birika la Bi Mardhiya, jirani wa msikiti, lina samaki wa aina ile ile! Nilingoja adhuhuri ipite, mtaa mzima ujilaze. Nikaingia uani na chujio la chai. Nimeinama, mkono umezama hadi kwapani, nikasikia sauti juu ya ngazi.

"Ewe Bwana! Siyu ina paka tele. Mwaka huu tumeletewa na wa miguu miwili?"

Nikataka kusema nimeangusha pete. Sina pete. Basi nikasema kweli yote, na kijana wangu, na wazee wa kwetu, na kitunguu. Nilikaribia kulia. Bi Mardhiya alininyang'anya lile chujio, akaniambia nishike ndia yangu niondoke, nikapige chokaa.

Sikula chakula cha jioni. Nimeshakwisha.

Ijumaa, 16 Agosti
Swala imekwisha. Wazee wamesimama kuzunguka birika, limejaa, linameta. Ndirangu kavaa shati la kusafiria! Ubaid akaniita nilete samaki.

Hapo akaingia Bi Mardhiya na mtungi kichwani. Akamimina. Samaki! Wakatawanyika kama wanaoijua nyumba. Akasema birika lao lilipojengwa, babu yake alipewa mbegu hapa msikitini. Leo wajukuu wamerudi kwao, na hapana deni. Wanafunzi wakapiga makofi. Hadil akanong'ona kwamba yule wa nyuma ndiye Waziri mpya.

Al-hamdulillah, nikasema, mimi wa Chwele!

Kumbe Ubaid alijua tangu aliporudi. Harufu ya kitunguu ilikwisha pita mtaa mzima, Bi Mardhiya akamsubiri mlangoni amwambie. Fundi alitaka tu kuona nitafika wapi. Wazee walicheka hadi kofia zikawavuka. Kisha Ubaid akatangaza ruhusa. Ndirangu ni mwaminifu, akasema, kwa hiyo abaki. Bramwel aende, birika lipate usalama.

Ndirangu amevua shati la kusafiria. Uaminifu ni ugonjwa mbaya.

Jumamosi, 17 Agosti
Niko kwenye mashua ya Mokowe. Nitamuwahi kijana! Bi Mardhiya amenipa samaki watatu kwenye chupa, niwatie katika tangi la maji la nyumbani, mbu wakome. Aliniapisha. Nimeapa. Safari ya Chwele lakini ni ndefu, na samaki ni kiumbe dhaifu, kwa hiyo nimenunua nyanya na kitunguu kimoja, kwa tahadhari tu.

Ubaid anasema nirudi Septemba kupandisha boriti. Mwalimu Kerubo kasema kundi jingine la wanafunzi litakuja Desemba. Basi nitarudi Desemba.