Tishari la Mheshimiwa Lendore

Kimbunga Odila kilikwisha rasmi siku ya Jumatatu, kwa tangazo la redio. Upepo wenyewe ulikuwa umeondoka miezi mingi nyuma, lakini uliondoka kienyeji, bila kibali, na Wizara ya Urejeo haikuutambua.

"Serikali ya Kisiwa cha Lambi," alisoma Alphonsus Bristol, Mkurugenzi wa Wizara hiyo, "inautangazia ulimwengu kwamba kisiwa kimepona. Wapiga mbizi wote wanakaribishwa kurudi. Kuanzia leo maombi ya msaada wa kimbunga yamefungwa, kwa kuwa hakuna kimbunga. Maturubai yaliyo juu ya nyumba yasiitwe tena maturubai. Yataitwa mapaa ya mpito."

Alilisoma vizuri. Bristol alikuwa mtu wa kuamini anachokisoma, na hiyo ndiyo sababu alipanda cheo upesi kuliko wenzake.

Mama yake, Bi Ernestine, alimsikiliza akiwa kitandani, sufuria mbili zikikinga matone. Bristol alipopita jioni kumwona, alimkuta ameihamishia miguu yake upande mkavu.

"Fonso, mwanangu, tangazo lako nimelisikia. Linavuja."

"Vumilia, Mama."

"Navumilia. Ila mvua kubwa zinarudi karibuni, na hilo turubai..."

"Paa la mpito."

"Hilo paa lako la mpito limechanika. Bati langu liko wapi?"

"Lilizama, Mama. Tishari lililoleta mabati ya msaada lilizama na mzigo wote, pale chini ya kilima cha Morne Dora. Nimekueleza mara ngapi?"

"Wewe uliliona likizama?"

"Mheshimiwa Waziri aliliona."

"Peke yake?"

"Alikuwa zamu."

 Bi Ernestine alijifunika shuka mpaka kidevuni, na Bristol akaumia kweli. Alimpenda sana mama yake, na kila alipomtamkia neno "lilizama" alihisi ni yeye aliyelizamisha.

Ni kweli kwamba tishari lilipopotea wavuvi waliingiwa na tamaa, wakaanza kuzunguka pale na ndoo zao zenye kioo chini, wakichungulia. Mheshimiwa Cuthbert Lendore, Waziri wa Urejeo, aliwakomesha kwa Amri ya Tishari: bati lolote la mzigo ule, likionekana popote, ni mali ya waathirika, na aliyenalo alirudishe ndani ya siku moja, bila kujali cheo. Maneno "bila kujali cheo" yalikuwa ya Bristol. Waziri aliyapenda kwa jinsi yalivyosikika redioni, akatia saini.

Sasa wageni walikuwa wanafika Jumamosi, kundi la kwanza tangu Odila, na Wizara haikuwa na cha kuwaonyesha. Bristol alimwendea Ione Cato, nahodha aliyekuwa akiwapeleka wapiga mbizi baharini tangu enzi za baba yake.

"Matumbawe ya Malaika yamekuwa kokoto, Mkurugenzi," Ione alimwambia huku akikaza mtungi wa hewa. "Yatarudi, lakini hayasikilizi redio. Na hawa wageni wanakuja kila mwaka, wanayajua kuliko unavyoijua sebule yako. Utawaonyesha nini? Samaki wa mpito?"

"Wanapenda nini kingine?"

"Meli iliyozama. Wape meli iliyozama, watasahau hata kula."

Hapo ndipo Bristol alipopata wazo. Kwingineko chombo kikizama, kesi imekwisha. Lambi chombo kikizama, ndiyo kwanza biashara inaanza. Waziri alikuwa ng'ambo kwenye mkutano wa vimbunga, na Bristol, akitaka kumfurahisha, akatangaza kivutio kipya cha taifa: Tishari la Mabati. Akaagiza boya, utepe, na bendi ya ngoma za chuma.

Waziri alirudi Jumamosi asubuhi, akapokewa gatini na mkasi wa kukatia utepe.

"Bristol," alisema kwa sauti ya chini, akiwatabasamia wageni, "pale si pa kuchezea. Pale ni kaburi."

"Nani alikufa, Mheshimiwa?"

Waziri alifikiri. "Mabati."

Lakini bendi ilikuwa imeshaanza, na Waziri hakuwahi kuuona utepe akauacha. Wageni wakazama na Ione. Bristol alibaki mashuani akitazama mapovu, amejaa fahari. Hatimaye Ione aliibuka, akavua barakoa.

"Mchanga," alisema. "Mchanga, na pweza mmoja, naye ametushangaa."

"Ni mkondo," Waziri alisema haraka. "Umelichukua."

"Tishari la chuma, Mheshimiwa?"

"Mkondo wa msimu."

Bristol aliandika: mkondo wa msimu. Lakini mkono wake ulikuwa mzito, kwa maana alishamwona mama yake akiuliza ni msimu gani.

Kuwatuliza wageni, Waziri aliwakaribisha kwenye nyumba yake mpya ya wageni, juu ya Morne Dora. Kutoka kule kisiwa chote kilionekana bluu kwa mapaa ya mpito. Wageni walipewa ramu na lambi wa mchuzi, yule konokono mkubwa wa baharini aliyekipa kisiwa jina, wakajilaza kwenye viti vya barazani. Mafundi hawakuwa wameweka dari. Mkanada mmoja mzee, Gordon, aliyekuwa bado amevaa suruali yake ya mbizi, alilala chali akatazama juu kwa muda mrefu.

"Nahodha," alimwita Ione, "chombo kilichozama mnakitambua kwa nini?"

"Kwa mzigo wake, mzee."

"Basi soma pale."

Chini ya kila bati, kwa herufi nyekundu, palikuwa pameandikwa: MSAADA KWA WATU WA LAMBI. HAYAUZWI.

Ione alisoma, kisha akamgeukia Bristol. Alikuwa ameukausha uso.

"Mkurugenzi, tishari lako tumeliona. Halikuzama. Lilipanda."

Hakuna aliyecheka. Bristol alisimama na sahani yake mkononi, akasoma bati baada ya bati mpaka mwisho wa baraza.  Aliwaza zile sufuria mbili. Kisha akaweka sahani chini, akavuta tai yake ikae sawa, akaomba ngazi.

"Bristol, una wazimu?" Waziri alisema. "Haya mabati niliyanunua."

"Imeandikwa hayauzwi, Mheshimiwa."

"Mimi ndiye Waziri wako."

"Amri inasema bila kujali cheo. Ulitia saini kwa kalamu yangu."

Ngazi ilikuja, na watu wa chini ya kilima, waliokuwa wakiitazama baraza ile kwa mbali, walikuja nayo. Wageni walishika upande mmoja wa mabati, wavuvi upande wa pili. Mpaka jioni ya Jumapili nyumba ile ilikuwa kuta tupu, na Gordon aliapa kwamba katika mbizi zake zote hajaona chombo kilichopakuliwa vizuri namna ile.

Mvua ilianza wiki iliyofuata. Bi Ernestine alimlalamikia mwanawe kwamba bati lina kelele, hamsikii hata redioni, na akaendelea kulalamika huku akicheka mpaka chai ya kakao ikapoa.

Asubuhi yake Mheshimiwa Lendore alifika ofisini kwa Bristol akiwa ameloa mpaka soksi.

"Naomba mabati," alisema. "Machache tu. Mke wangu amelala na mwavuli."

Bristol alimpa kiti na kumpa pole. Kwa masikitiko akamweleza kwamba maombi yalifungwa, kwa kuwa hakuna kimbunga. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kitu cha bluu kilichokunjwa vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Turubai?" Waziri aliuliza.

"Paa la mpito, Mheshimiwa."