Nyuzi Nane, Mistari Sita

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Leo nimeanza kuiokoa inanga, ala ya nyuzi ya Wanyarwanda. Mzee Vénuste ndiye wa mwisho hapa Mibirizi anayezijua nyimbo zake za zamani, na kifua chake kimechoka. Nimemwambia avumilie: kwanza nichague programu ya kupanga muziki kwenye kompyuta, kila uzi na mstari wake, kitabu kitoke safi. Néhémie, mwalimu wa kwaya, anataka kuziandika leo leo kwa do-re-mi. Kwa biki! Nimemwambia mbele ya watu kwamba do-re-mi ni mnyororo wa wamisionari. Akauliza programu yangu imetengenezwa kilima gani cha Rwanda. Mpuuzi.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimejaribu programu tatu. Moja haichapishi. Nyingine inataka niiamrishe kwa maandishi kama mkuu wa jeshi. Ya tatu, ya gitaa za kale za Ulaya, inapendeza kama bibi harusi. Nimeichagua. Mzee ametuma mtu: kikohozi kimezidi, je, naja? Nimejibu kwamba bado natafuta herufi za jalada.

Alhamisi, 10 Oktoba
Balaa. Inanga ina nyuzi nane. Programu ina mistari sita. Mtu mwoga angebadilisha programu. Mimi nilipanda kilima na mkasi. Nilimweleza Mzee, akiwa kitandani, kwamba nyuzi mbili za pembeni hazina kazi kubwa. Alinung'unika kitu. Nikakihesabu kuwa ndiyo. Nikakata.
Kumbe inanga yote ni kamba moja tu, mishipa ya ng'ombe, inayokwenda na kurudi juu ya ubao! Nyuzi zote nane zililegea mara moja. Mzee akageukia ukuta. Mke wake, Maman Mukabera, akaniuliza: “Papa Bashige, kwenu Bukavu banazika muntu akiwa hai?” Swali lisilo na adabu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimezunguka Kamembe nzima kutafuta kamba. Wachinjaji wananicheka: wao wanauza nyama. Mvua. Mzee haongei tena.

Jumatatu, 14 Oktoba
Tumemzika. Maman Mukabera aliniomba niwasomee watu wimbo mmoja, wowote kati ya nilizoandika. Nilikuwa na jalada tu, jina langu katikati, herufi nzuri mno. Ndipo Néhémie akaimba vipande viwili alivyovinasa siku moja akipita dirishani kwa Mzee. Vipande viwili, basi, kwa maisha mazima. Watu wakalia. Nilimnong'oneza kwamba hata kaburini anatafuta sifa.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimechunguza kwa makini kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye programu. Lakini nimepata nyingine: mistari kumi na miwili! Na Bweyeye, kando ya msitu, yuko bibi mmoja, Nyirahabimana, mzee sana, anapiga inanga na ameanza kumfundisha mjukuu wake. Nimempigia simu haraka. Nimemsihi aache kabisa, asipige wala asimfundishe mtu, mpaka nichague ukubwa wa karatasi.