Karani na Mawe ya Mpaka

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Katubuka.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba samaki hupigana kwa sababu ya njaa. Nimelifanya na mimi, wiki nzima, ndiyo maana nimebaki na samaki watano badala ya saba. Samaki wa mawe hagombei chakula. Anagombea mahali. Akishapata jiwe lake, maji yote yanayolizunguka ni yake, na anayepita hapo hung'atwa mapezi. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na mmoja. Ilinipasa kukumbuka.

Mkorofi wangu ni mweusi mwenye mshipi wa njano. Nimemwita Karani, maana hununa kama jirani yangu Bonaventura, karani mstaafu wa bandari, anaposimama mpakani mwa viwanja vyetu kukagua mawe yake. Ameyapaka chokaa. Kila Krismasi huyapaka tena.

Honorata, mke wangu, ametoa hukumu. Akifa samaki mwingine kabla ya Jumapili baada ya misa, tangi linageuka kabati la maandazi anayouza. Kioo pande zote, anasema, inzi hawaingii, na wapita njia wanaona. Bonaventura amejitolea kulibeba mpaka barazani. Amejitolea kabla ya kuombwa!

Jumanne, 5 Agosti.

Mpango wa kwanza: kioo changu cha kunyolea. Hoja ni nyepesi. Mkorofi akutane na mkorofi mwenzake, achoke, awaache wanyonge. Nimekiegemeza kwenye tangi saa tatu asubuhi. Karani ameishambulia sura yake hadi adhuhuri. Ushindi! Saa saba nimekiondoa nikale. Karani, akiamini kwamba adui amekimbia, amewasukuma wote wanne kwenye kona moja.

Kwa kuwa kioo kilikuwa kazini, nilinyoa kwa kupapasa. Katekista ameniuliza kama nimeanguka.

Jioni amefika Ildephonse, Mrundi mpole tuliyefahamiana kanisani. Ana kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi hadi Jumapili, aje kutibiwa macho. Tumempa chumba cha uani.

Alhamisi, 7 Agosti.

Mpango wa pili: ukuta. Nimebandua kioo cha dirisha la chumbani na kuligawa tangi. Karani huku, wanne kule. Amani kamili kwa saa tano! Sikuwa nimepima. Kioo kimepungua vidole vitatu, na Karani amepita kwa chini kama mtu anayeingia kwake. Mmoja amechanika mkia na anaelea kiubavu.

Honorata alichukua kamba akapima tangi. Kisha akamwambia Ildephonse, nami nikisikia, kwamba linachukua maandazi themanini.

Ildephonse alitazama maji muda mrefu kwa jicho lake moja lililofunguliwa bandeji. Akatusimulia habari za kambini. Walipokuja wageni wengi kwa mkupuo, wenyeji walikuwa wameshakaa karibu na bomba, na fimbo zikaanza kutembea. Mpima viwanja akaamuru mahema yote yashushwe. Wa zamani na wapya wakasimama barabarani. Vigingi vikang'olewa, mistari ikachorwa upya, wakaingia wote kwa pamoja.

"Siku ile hapakuwa na mwenyeji, Mwalimu," alisema. "Kila mtu alikuwa anatafuta mlango wake."

Nilimweleza kwa upole kwamba binadamu na samaki ni viumbe tofauti. Maelezo yalichukua dakika arobaini. Kisha nikaenda kutafuta ndoo.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Mpango wa tatu, nilioubuni mwenyewe. Samaki wote watoke, waingie ndoo moja. Mawe yote yatoke. Mawe yarudi kwa mpangilio mpya, mengi zaidi, yenye mapango, ili asiwepo anayeona tangi lote kwa mara moja. Halafu waingie wote pamoja. Na waongezwe wengine, ili hasira ya mkorofi igawanyike. Nimenunua wanne ufukweni Katonga, wakiwa hai. Mvuvi ameniuliza kama nitawala hivyo hivyo na mapezi yao.

Yakabaki mawe. Bonaventura alikuwa kwenye maonyesho ya wakulima, wala harudi kabla ya misa ya Jumapili. Mawe yake yalikuwa pale pale, tena yamo ndani ya ardhi yangu kwa hatua moja nzima, kama nilivyomweleza tangu mwaka 1983. Nimechukua yote tisa. Ildephonse, akisugua chokaa, aliuliza kama mwenyewe anajua. Nilimweleza historia ya mpaka ule tangu mwanzo. Aliendelea kusugua.

Jumamosi, 9 Agosti.

Karani hana jiwe! Anazunguka kama mtu aliyesahau nyumba yake. Akimkimbiza mmoja, mwenzake anapinda nyuma ya jiwe, naye anasahau alikuwa anamkimbiza nani. Mwenye mkia uliochanika amekula. Nimekaa mbele ya tangi tangu asubuhi. Sijawahi kufundisha darasa tulivu namna hii.

Jumapili, 10 Agosti.

Baada ya misa Honorata amehesabu: tisa. Amehesabu tena, kisha akasema atamwambia fundi amtengenezee kabati la mbao. Nimeshinda!

Bonaventura alikuwa amekuja na kata ya kubebea tangi kichwani. Akapewa chai. Akainama kutazama, akasifu, akauliza Karani ni yupi, nikamwonyesha. Halafu akagonga kioo kwa kidole.

"Jiwe lile la katikati lina herufi yangu."

Ni kweli. B, kwa patasi, upande wa chini, ambao sasa uko juu.

"Mwalimu," akasema, "samaki wako wamejenga kwenye mpaka wangu."

Alitaka mawe yake hapo hapo. Honorata alimwongezea chai, kisha akaamua, akininyooshea kidole: mawe yabaki kwa samaki, na "Baba Agnesi atakuletea mengine tisa kabla ya magharibi, ayapange mahali pale pale." Bonaventura alikubali. Nami nilikubali, haraka kuliko walivyotarajia.

Maana nilikuwa nimeshakwenda kuangalia. Mawe yakishatoka, nani anajua pale pale ni wapi? Palikuwa na alama tisa za udongo mkavu. Nimezifagia. Sasa hapana mwenyeji, hapana mgeni, sote tunatafuta mlango. Sayansi ni ile ile.

Ildephonse, akifunga mzigo wake, alinikuta na fagio.

"Buhoro buhoro, Mwalimu," alisema, akinisihi nisiende kasi. "Yule mpima viwanja hakuwa na kiwanja pale."

Mtu mwema sana, lakini hutoka nje ya mada. Nimemweleza mpaka kituo cha magari.

La kufanya leo: panga mawe tisa, hatua mbili kuelekea choo cha Bonaventura, kabla hajarudi kutoka kwaya.