Karatasi Iliyokuwa Kwenye Koti

Ndugu zangu, leo nimevuliwa nguo Rwezamenyo, hapa hapa Kigali, mchana kweupe, na koti ndilo lililoanza.

Wengi mnajua nampenda Zubeda, fundi cherehani. (Yeye pia anajua. Hilo silo tatizo.) Mwaka jana alikubali nimwoe, kisha akakataa, kisha akasema tungoje Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu niliyesomeshwa mpaka chuo kikuu, sikulia kama watu. Nilifungua kamusi. Waingereza wana maneno chungu nzima ya mtu asiyetabirika: fickle, capricious, whimsical, erratic. Nikayapanga kwenye karatasi, na mbele ya kila neno nikaandika mfano, kwa Kiswahili safi. Nilikusudia iwe makala.

Asubuhi nikampelekea koti alipunguze kiunoni. (Koti halina kasoro. Nilitaka tu kumwona akibana pini kwa meno.)

Sasa, Zubeda hagusi mkasi kabla hajapekua mifuko. Nilijua! Miaka yote yuko hivyo. Akatoa leso, peremende mbili, karatasi.

"Aisha, hii ina Kiingereza. Soma."

Aisha ni mpwa wake, amekulia Kampala. Wateja wote waliokuwa dukani wakasogea karibu.

"'Fickle: Zubeda. Januari ndiyo, Machi hapana.' Shangazi, ni mtu wa leo hivi, kesho vile. 'Capricious: Zubeda. Alinipikia pilau, kisha wiki nzima hakunisalimia...'"

"Mana yanjye! Mungu wangu!" mama mmoja akapiga makofi. "Mwalimu iko na maneno mingi!"

Zubeda hakucheka.

"Mwalimu, mbona ya Machi hukuimaliza? Wazee wangu walikaa na fanta zao tangu saa nne, wakingoja wajomba zako waje kuposa. Saa nane ukatuma ujumbe. Eti unamalizia makala."

"Ilikuwa na tarehe ya mwi..."

"Na mara ya pili?"

(Mara ya pili ilikuwa mvua. Mvua ya Kigali, ndugu zangu. Dakika ishirini tu, nasi hatukutoka.)

Akachukua chaki yake, akakata jina lake mstari kwa mstari, akaandika langu. Duka zima likaangua kicheko. Nikasoma upya. Maneno yalinikaa kuliko koti.

"Nije lini kulichukua?" nikauliza.

"Ijumaa. Au Jumamosi. Itategemea nitakavyoamka."

Lakini ile karatasi hakuitupa. Niliona. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye kopo lake la vifungo, akafunika. Nimetembea mpaka nyumbani nikiliwaza kopo la vifungo, mtu mzima mimi, nina mvi.

Wajomba nimeshawapigia simu. Wameniuliza jambo moja tu: kama wiki hii kuna makala yoyote ninayoandika.

Nimewaambia hakuna. (Hii mnayoisoma msiihesabu. Wala msiwatumie.)