Meneja Aliyepelekwa Kufundishwa Kujiamini

Ndugu Mkurugenzi Umang,

Marahaba, mwanangu. Najua tungekutana ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa. Mimi ni Mhoja wa Kisesa, bibi yake Dorcas anayekata minofu ya sangara kiwandani kwako. Shule sikuikanyaga, nasema, mkwe wangu anaandika.

1. Uliwapa mameneja karatasi, kila mmoja ajiandikie mafunzo anayohitaji. Luhaga, meneja wa akina Dorcas, akaandika kwamba hajiamini. Luhaga! Mtu ambaye akikohoa, wanawake sitini wanashusha visu! Ukampeleka hotelini Nyamagana siku tatu akafundishwe kujiamini. Hongera. Sasa hata kukohoa hakohoi, ananyoosha kidole tu.

2. Aliondoka na ufunguo wa choo cha wanawake mfukoni. Huwa anautunza mwenyewe, eti wanakaa sana humo. Siku tatu wakajisaidia kwenye matete ziwani. Aliporudi akampa Dorcas barua ya onyo, ametoka kazini bila ruhusa. Ruhusa angemwomba nani, kambale? Akipata onyo la pili anafukuzwa, na mtoto wake bado ananyonya.

3. Mimi nimefundisha maksai kulima tangu ujana wangu. Maksai humuulizi anapungukiwa nini. Unamfunga nira, anavuta jembe, halafu unageuka nyuma kutazama mtaro umepinda wapi. Hapo ulipopinda ndipo pa kumfundisha. Mtaro wa Luhaga umepindia kwenye matete, na wewe unasoma karatasi.

4. Kwa hiyo naomba onyo la Dorcas lichanwe, tena wenzake wakiona. Karatasi za mameneja wapewe wanawake wanaokata minofu mezani wazijaze. Asiyejua kuandika achore. Na Luhaga umlete kwangu wiki mbili. Atalima, atakula matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, mpaka ashibe, na choo nitakifunga mimi. Siku atakayojua kuomba kwa adabu nitamrudisha na cheti chenye dole gumba langu. Mameneja wengine nao waje, kwa zamu. Nira ninazo.

Nisalimie mama yako, wanao, na yule mlinzi wa getini anayewapa wasichana maji.

Ni mimi, nikiwa na hasira lakini sina kinyongo,
Bibi Mhoja

Nyongeza: Rebeka, huyu mkwe wangu, ameweka kalamu chini, anauliza kama na wakwe watapewa karatasi waandike mama mkwe anapungukiwa nini. Nimemwambia hayo ni mambo ya viwandani. Yangu najijazia mwenyewe, na sipungukiwi na kitu. Aandike hivyo hivyo.